Vyumba viwili au bustani ya nyuma? Pimeni kwanza shimo la choo

SWALI

Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaishi Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye kiwanja chetu cha mita 20 kwa 25. Nyumba ina vyumba vitatu, upana wake mita 11 na kwenda ndani mita 12. Mbele, upande wa mashariki, tumebakiza mita 5. Ukisimama getini ukaitazama nyumba, kushoto kuna mita 2, kulia mita 7 ambako gari linalala, na nyuma mita 8.

Huko nyuma ndiko kwenye bustani yangu. Kuna matuta ya mchicha, matembele, chainizi na bamia, mipapai minne, mndimu mmoja na mwembe mkubwa ulio kama mita 6 kutoka ukuta wa jikoni. Mboga za majani kwangu ni nadra kununua. Nguo naanika huko na watoto wanacheza huko.

Mwisho wa mwaka mama mkwe anahamia kwetu, magoti yamemchosha na hawezi tena kukaa peke yake. Mume wangu anasema tukijenga tujenge moja kwa moja: vyumba viwili vyenye choo ndani pamoja na stoo, jengo la mita 11 kwa 5 lishikane na ukuta wote wa nyuma. Chumba kimoja cha mama, kingine cha mgeni au tupangishe. Fundi alikuja, akapiga hatua, akasema zitabaki mita 3 mpaka kwenye ukuta wa fensi na bustani inatosha hapo. Shimo la choo, ambalo sasa liko nyuma katikati, mita 4 hivi kutoka nyumbani, atalisogeza. Mwembe amesema lazima ukatwe, mizizi itapasua msingi.

Mama simkatai hata kidogo. Ila kila nikitaja bustani naonekana nampima mama wa watu na fungu la mchicha. Kuna namna nyingine? Ndani, upande wa kulia mbele ni sebule, inafuata stoo, halafu jiko kwa nyuma. Vyumba vya kulala viko kushoto. Na habari ya mwembe ni kweli?

Mama Wawili, Kinyerezi

JIBU

Dada, namna ipo, na haiko huko nyuma. Iko kulia, kwenye zile mita 7 za gari. Lakini kabla ya kufika huko, mkae na shemeji mpige hesabu ya ramani ya fundi pamoja, kwa futi ya kupimia, si kwa hatua. Ikishaonekana kwa namba, mazungumzo hayatakuwa tena ya mama dhidi ya mchicha.

Eneo lenu la nyuma ni mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Tangi la septiki na shimo la kunyonya, yaani hilo mnaloliita shimo la choo, pamoja na nafasi ya kuyazunguka, vinakula kama 28, kwa hiyo bustani yako halisi leo ni 130 hivi. Jengo la 11 kwa 5 linachukua 55. Kulizunguka mtaweka kipande cha sakafu ya nje cha mita 1 ili maji ya paa yasichimbe msingi, hapo mnapoteza nyingine kama 23. Kisha shimo la choo linahamia kwingine, lakini 28 zake linahama nazo. Toa zote kwenye 160: mnabaki na 54. Tena si kipande kimoja, ni pembe ya kulia, uchochoro wa kushoto, na ule mkanda wa mita 3 nyuma ya jengo.

Mkanda huo ndio fundi aliouita bustani. Mashariki yake utasimama ukuta mpya wa mita 3, magharibi kuna fensi ambayo tunakadiria ni mita 2. Kwa jua la Dar es Salaam, kwenye saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri kivuli cha ukuta kinakaribia urefu wa ukuta wenyewe. Maana yake tuta lililo katikati ya mkanda litaanza kupata jua baada ya saa nne na nusu asubuhi na kulikosa kabla ya saa tisa alasiri. Hayo ni kama masaa manne. Matembele yatavumilia. Mchicha na bamia vinataka masaa sita na kuendelea. Chini ya hapo mchicha unarefuka shina, majani yanakuwa membamba, na bamia linatoa maua machache.

Kuna maji pia. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la jengo jipya na mabawa yake litafika mita za mraba 70, na nusu ya paa la zamani inayomwaga nyuma ni kama 80. Siku ya masika ikinyesha milimita 50, na hiyo si ajabu mwezi wa nne, ni lita 7,500 zinazotafuta pa kwenda. Leo zinazotoka kwenye paa ni 4,000, na zinaingia kwenye udongo uliolimwa. Baada ya ujenzi zote zitasukumwa kwenye mkanda wa mita 3 ambao chini yake mmechimba shimo la kunyonya. Shimo likijaa maji ya mvua halinyonyi ya chooni, na chemba zinaanza kufurika wakati ambao hata gari la maji taka ni shida kupatikana.

Hapo hatujataja madirisha. Jengo likishikana na ukuta wote wa nyuma, dirisha la nyuma la jiko linazibwa, na la chumba cha kulala cha nyuma pia. Kanuni inayotumika sana ni eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu, na dirisha hilo lifungukie nje, si kwenye korido. Mtakuwa mmeongeza vyumba viwili vizuri na kuharibu viwili vilivyokuwepo.

Sasa upande wa kulia. Jengeni chumba kimoja chenye choo, kishikane na ukuta wa stoo na jiko. Vipimo vya nje: mita 4.5 kutoka ukutani kuelekea fensi, na urefu wa 6.3 kuanzia pale stoo inapoanza kwenda nyuma. Kinaishia kabla kidogo ya kona ya nyumba, kwa hiyo hakigusi eneo la nyuma. Kati yake na fensi inabaki njia ya mita 2.5, toroli linapita na mpira wa gari la maji taka unapita. Mbele yake, kulia, mnabaki na uwanja wa mita 7 kwa 10.5. Gari dogo na nafasi ya kufungua milango linataka kama 3 kwa 5.5. Yanalala mawili.

Stoo inageuka njia ya kuingilia. Bomoa ukuta wake wa nje upana wa mlango, si zaidi, baada ya kuhakikisha rinta ya nyumba (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) inapita juu yake bila kukatika. Ikiwa stoo ina upana wa mita 2, makabati ya kina cha sentimita 50 upande mmoja bado yanaacha njia ya kutosha. Vitu vilivyokuwa sakafuni vipande juu, na mashine mbovu ambayo kila stoo ya Tanzania inayo iuzwe chuma chakavu.

Ndani ya jengo, ule upande wa stoo utoe sehemu ya mita 1.9 kwa upana wote: nusu ya kupitia, nusu ya nje choo na bafu. Kinachobaki ni chumba cha 4.3 kwa 3.8, zaidi ya mita za mraba 16. Dirisha lake kubwa liwe upande wa fensi ya kulia, mita 1.5 kwa 1.2, ili peke yake litimize kanuni ya moja ya kumi. Mkiweka na dogo ukuta wa nyuma, hewa itapita vizuri. Na huo ndio ukuta wa kumpa shemeji: siku mkihitaji kweli chumba cha pili, mnasogea nyuma mita 3.5 kutoka hapo, mnaziba dirisha dogo, chumba kipya kinapata mlango wake wa nje. Bustani itapoteza pembe moja, kama mita za mraba 16, na hasara hiyo itakuja siku yake ikija.

Kwa mtu wa magoti mabaya, sakafu mpya iwe usawa mmoja na ya zamani, hata sentimita 3 za kizingiti ni nyingi. Milango ya sentimita 90, wa choo ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka ndani mlango wa kufungukia ndani unazuiwa na mwili wake. Choo cha kukaa, na bomba la chuma la kushikilia lifungwe ukutani sentimita 75 hadi 80 kutoka sakafuni. Mwambieni fundi mapema mahali pa bomba hilo, ajaze zege kwenye tofali la hapo. Skrubu kwenye plasta tupu haizuii mtu mzima anayeteleza.

Jambo linaloweza kuikwamisha ramani hii ni moja tu, na ndiyo sababu ya kichwa cha habari. Choo kipya kitakuwa mbali na tangi, bomba lake litakwenda kama mita 16. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, hivyo mwisho wake utakuwa sentimita 40 chini ya mwanzo. Likianza sentimita 35 chini ya ardhi, linafika tangini kwenye 75. Fungueni mfuniko wa chemba ya mwisho kabla ya tangi, pimeni kina cha bomba linaloingia, halafu fundi ahamishe usawa huo mpaka mahali pa choo kipya kwa levo ya mpira wa maji. Bomba la tangini likiwa kwenye kina cha 75 au zaidi, mmepita. Likiwa kwenye 50, mna njia mbili: kuinua sakafu ya choo, ambayo kwa mama haifai, au kujenga tangi dogo jipya karibu. Msikubali ile ya tatu ambayo fundi atapendekeza, ya kulaza bomba karibu usawa. Maji yatatangulia, uchafu utabaki, na kila miezi michache mtakuwa mnachokoa. Weka chemba kila bomba linapokata kona.

Angalieni pia kina cha maji kwenye shimo la kunyonya mwishoni mwa masika. Kama tayari liko karibu na juu, mtu mmoja zaidi anayeoga kila siku atalishinda, na mchimbe la pili kwanza. Liwe angalau mita 3 kutoka msingi wowote, mbali na fensi ya jirani, na mita 30 kutoka kisima kama kipo.

Mwembe. Kwa ramani yake fundi yuko sahihi: jengo la kina cha mita 5 lingeuacha mti uliosimama mita 6 ukiwa mita 1 tu kutoka ukutani. Huko mizizi ingeinua sakafu ya nje na kuingia kwenye viungio vya mabomba, na kwenye udongo wa mfinyanzi ingenyonya unyevu wa chini ya msingi mpaka ardhi isinyae. Kwa ramani ya kulia mti uko mbali, hauna kosa. Kata matawi yanayofika juu ya bati tu, majani yasizibe gata. Na kama siku moja mtaukata ili kujenga mahali pake, kisiki kitoke chote na mizizi mikubwa. Kisiki kinachoachwa chini ya sakafu huoza na kuacha shimo, na jamvi, yaani zege la sakafu, linabonyea baada ya miaka michache.

Kwenye msingi, kosa linalojirudia ni kufunga jengo jipya kwenye la zamani kwa nguvu zote. Nyumba yenu imeshakaa chini ilipotaka kukaa. Jengo jipya bado litashuka milimita kadhaa. Ukizifunga kwa kuchonga matofali ya zamani na kuyashikanisha na mapya, ufa utatokea hapohapo na utafunguka kila mwaka. Acheni nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2 kutoka juu mpaka chini, jazeni thamokoli (yale mabao mepesi ya povu), nje zibeni kwa silikoni inayovutika, ndani funikeni na ubao mwembamba uliopigiliwa upande mmoja tu. Msingi mpya ufike kina kilekile cha zamani. Usizidi hapo, kwani ukichimba chini ya msingi wa zamani unauondolea udongo unaoubeba.

Kabla ya kuchimba, ondoeni sentimita 25 za juu za udongo kwenye eneo lote la jengo. Ni kama mita za ujazo 7. Fundi atataka kuuacha humo ndani ya kuta na kumwaga kifusi juu, maana ni kazi ya bure kwake. Udongo huo una mizizi na mboji, hukauka na kusinyaa, na jamvi linabaki likining'inia mpaka lipasuke. Upelekeni nyuma uongeze kina cha matuta. Ndani ya msingi kijazwe kifusi cha moramu tabaka za sentimita 15, kila moja imwagiwe maji na kushindiliwa. Pigeni dawa ya mchwa, kisha nailoni, kisha jamvi.

Vifaa kwa makadirio: matofali ya inchi 6, ya kulaza kwenye msingi na ya kusimamisha juu, kama 825, nunueni 900. Saruji kati ya mifuko 70 na 75 ya kilo 50, bila ya kufyatulia matofali: msingi 16, jamvi la sentimita 10 mifuko 16, kujengea 15, plasta 15, rinta 4, iliyobaki ni ya kumalizia. Msinunue yote siku moja, saruji iliyokaa stoo mwezi mzima inashika unyevu na kupoteza nguvu. Zege lichanganyiwe juu ya mabati ya zamani upande wa gari. Likichanganyiwa bustanini, maji ya saruji yanafanya udongo uwe mkali na hapo hapaoti kitu kwa msimu au zaidi.

Paa ndilo litakalowasumbua mkizembea. Upana wa 4.5 ni mkubwa mno kwa paa la mteremko mmoja chini ya bawa la zamani. Ukuta wa nje utakuwa mfupi hadi dirisha likose pa kukaa. Inueni paa la miteremko miwili linaloingia kwenye mteremko wa zamani. Hapo, paa jipya linapokutana na la zamani, inazaliwa mifereji miwili ya pembeni, na ndipo panapovuja. Bati bapa la mfereji liwe na upana wa sentimita 60, geji 28 au nzito zaidi, kipande kimoja kikiwezekana, na mabati ya pande zote yaingie juu yake si chini ya sentimita 15. Mafundi wengi huweka bati la upana wa sentimita 30 kwa sababu ndiyo mabaki yaliyopo. Maji yote ya upande huo yaingie kwenye gata na tangi la lita 3,000 kwenye kona ya nyuma, bustani ipate ya kumwagilia baada ya masika. Kuhusu paa la kuficha (lililozungushiwa ukuta lisionekane) linalopendwa siku hizi, kwa jengo la kuungia hatulishauri.

Juu ya shimo la kunyonya pandeni migomba, si mboga za kuliwa mbichi wala za mizizi. Juu ya tangi lenyewe msipande mti wowote.

Kibali kinahitajika hata kwa chumba kimoja. Nendeni idara ya mipango miji ya halmashauri yenu na uthibitisho wa umiliki, mchoro wa nyumba ya sasa na wa nyongeza, mkaulize umbali unaotakiwa kutoka mpakani kwa eneo lenu. Kupigwa alama ya X baada ya plasta ni gharama kuliko kibali.

Mkianza Juni, masika yakiwa yameisha, mna muda wa kutosha: msingi ukae na kumwagiwa maji siku saba, kuta, rinta nayo siku saba, na bati liwe juu kabla ya vuli ya Oktoba. Mlipeni fundi kwa hatua, na asilimia 10 ya ufundi ibaki mkononi mwenu hadi mvua kubwa ya kwanza ipite juu ya mifereji ile miwili na muwe mmepanda darini na tochi kukagua.